Kupima msukosuko wa hewa juu ya Ziwa Victoria: kipima mchapuko au mrija wa matundu matano?

Saa nane mchana, ndege ndogo inayotoka Bukoba kuja Mwanza huwa imetulia juu ya maji kiasi kwamba abiria wengine wamesinzia. Ikivuka ufuko tu, pale maji yanapoisha na mawe yanapoanza, inaruka. Chupa ya maji inabiringika hadi kwenye miguu ya rubani, mama mmoja anakishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Dakika chache baadaye magurudumu yameshagusa lami na watu wanavuta pumzi. Ziwa lina uvuguvugu uleule karibu mwaka mzima, nyuzi 25 hivi, lakini mawe ya Mwanza yakishapigwa na jua tangu asubuhi hayakanyagiki kwa mguu mtupu, na hewa iliyolala juu yake hupanda kwa vishindo. Hapo ndipo wengi wetu tunapotaka kupima.

Nimekuwa nikifunga vifaa vya kupimia kwenye ndege ndogo na droni hapa Ilemela, Mwanza, kwa miaka kadhaa, na maswali ninayoletewa ni mawili. La kwanza ni la marubani wa ndege za kukodi: "Fundi, nifunge nini nijue njia yangu inatikisika wapi na saa ngapi?" La pili ni la vijana wa chuo na wa droni: "Mwalimu, nimeona mrija wa matundu matano mtandaoni, niagize?" Wote wanadhani wanauliza kitu kimoja, kumbe ni vitu viwili vilivyo mbali, na ndiyo maana wapo waliotoa fedha nyingi kwa kifaa kizuri ambacho hakikujibu walichotaka kujua.

Unapima ndege au unapima hewa?

Nenda Kamanga usimame pale feri inapoingia. Wimbi lake likiufikia mtumbwi wa mvuvi, mtumbwi unapanda na kushuka, mvuvi anashika kingo. Wimbi hilohilo likiigonga feri nyingine iliyofungwa gatini, feri haina habari. Weka kipima mtikisiko kimoja ndani ya mtumbwi na kingine ndani ya feri, utapata majibu mawili kuhusu wimbi moja, na yote mawili ni ya kweli. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linalosema wimbi lenyewe lilikuwa na urefu gani.

Kipima mchapuko, kifaa kinachohisi ndege inavyorushwa juu na chini, kinapima mtumbwi. Mrija wa matundu matano, unaohisi hewa inakuja kwa kasi gani na kutoka wapi, unapima wimbi. Ndege ya viti sita na jeti ya abiria 150 zikipita kwenye hewa ileile kwa nyakati zinazokaribiana, ya kwanza itaandika kwamba hali ilikuwa mbaya na ya pili itaandika kwamba kulikuwa shwari. Rubani anayetaka kujua kama abiria wake wataumia anahitaji jibu la mtumbwi. Mtafiti anayetaka kujua hewa ya ziwani inachanganyikaje anahitaji jibu la wimbi. Mwenye droni ya kubeba dawa yuko katikati, nitamrudia.

Kipima mchapuko: rahisi kununua, kigumu kufunga

Ni chipu ndogo kuliko ukucha, ndugu ya ile inayogeuza picha kwenye simu yako ukiilaza. Ukiiunganisha na GPS na memori kadi, gharama yote bado ni ndogo kuliko mafuta ya safari moja ya kwenda Bukoba. Ndege ikiwa imetulia, kifaa kinasoma 1, yaani uzito wa kawaida wa dunia. Kikisoma 1.5, kiti kinakusukuma juu. Kikisoma chini ya sifuri, chochote ambacho hakikufungwa kinakwenda darini, akiwemo abiria aliyefungua mkanda mapema.

Ugumu uko kwenye kufunga. Nimekuta vifaa vimebandikwa juu ya dashibodi kwa gundi ya mkanda, vingine vimewekwa chini ya kiti chenye godoro, halafu mwenye nacho anashangaa kwa nini namba zake hazieleweki. Kifaa kikae karibu na kitovu cha uzito cha ndege, kwenye chuma cha mwili wenyewe, na fundi wa ndege mwenye leseni akikubali kazi hiyo kwa maandishi. Ukikiweka mbele au nyuma sana, pua ya ndege ikiinama kinahesabu mwinamo huo kama mshtuko wa hewa.

Halafu kuna propela. Chukua injini ya pistoni inayozunguka mara 2,400 kwa dakika, yenye propela ya mapanga matatu. Hiyo ni mizunguko 40 kwa sekunde, na mapigo ya mapanga 120 kwa sekunde. Kifaa kinachosoma mara 50 kwa sekunde hakiwezi kuyaona mapigo hayo kama yalivyo. Kinayageuza kuwa mtikisiko wa mara 20 kwa sekunde, mtikisiko ambao haupo hewani wala kwenye ndege. Ukisharekodiwa hivyo, hakuna programu itakayoutoa, kwa sababu umeshavaa sura ya msukosuko wa kweli. Dawa yake ni kusoma kwa kasi kubwa, tuseme mara 1,000 kwa sekunde, kisha kuchuja, na baada ya hapo ndipo kupunguza idadi ya namba unazohifadhi. Muuzaji asipoweza kukuambia kifaa chake kinachuja wapi, usinunue.

Ukishakuwa na namba safi, unazigeuzaje kuwa neno la hali ya hewa? Ipo njia ya zamani inayoitwa DEVG. Inachukua mshtuko mkubwa uliosomwa, uzito wa ndege na kasi yake, inakokotoa upepo wa ghafla wa wima ambao ungetosha kuleta mshtuko huo. Chini ya mita 2 kwa sekunde hakuna cha kuripoti. Kati ya 2 na 4.5 msukosuko ni mwepesi, kati ya 4.5 na 9 ni wa wastani, na kuanzia 9 ni mkali. Ni njia nzuri, ila inataka uzito wa kweli. Kwenye ndege zetu ndogo uzito hubadilika kila safari: leo abiria wanne, kesho wawili na magunia ya dagaa, na mafuta yanapungua njiani. Ukiandika uzito wa kubahatisha, hesabu yote inainama upande huo.

Njia mpya ni EDR. Iliendelezwa na Larry Cornman na wenzake wa NCAR, kituo cha utafiti wa anga huko Marekani, katika miaka ya 1990, na ndicho kipimo ambacho ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, linakitumia kwa taarifa za msukosuko zinazotumwa na ndege zenyewe. EDR haisemi ndege imeruka kiasi gani. Inasema nguvu ya msukosuko inavunjika kwa kasi gani, kutoka mizunguko mikubwa ya hewa kwenda midogo, hadi inaishia kuwa joto. Kwa viwango vya sasa, kilele kati ya 0.10 na 0.20 ni msukosuko mwepesi, kati ya 0.20 na 0.45 ni wa wastani, na 0.45 kwenda juu ni mkali. Ukisoma ripoti za zamani kuwa mwangalifu, maana mipaka ilikuwa 0.4 na 0.7. Ndege iliyoandikwa "mwepesi" kwa jedwali lile inaweza kuwa "wastani" kwa hili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapotapeliwa bila mtu kukusudia kuwatapeli. Ili kutoa EDR kwenye kipima mchapuko, lazima ujue ndege yako inaitikiaje hewa: ni mzunguko wa ukubwa gani unaoiinua, na ni upi inaoukata bila kujali. Kwa jeti kubwa za mashirika, watengenezaji na watafiti wamelifanyia kazi jambo hilo kwa kila aina ya ndege. Kwa ndege ndogo ya zamani iliyobadilishwa propela na viti, hakuna atakayekupa jedwali hilo. Programu itakutolea namba yenye desimali tatu, nayo itakuwa imeazima mwitikio wa ndege nyingine. Ushauri wangu kwa mwenye ndege ndogo ni huu: achana na EDR. Ilinganishe ndege yako na yenyewe, njia ileile, uzito unaokaribiana, saa tofauti. Ukiwa na hilo peke yake utajua mambo mengi.

Na hapo kipima mchapuko kinakishinda kila kifaa kingine kwa jambo moja, nalo ni wingi. Ndege inayoruka mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, inakupa safari zaidi ya 600 kwa mwaka bila mtu kuamka alfajiri kwenda kupima. Hakuna droni ya utafiti itakayofika hapo.

Mrija wa matundu matano: jibu la hewa yenyewe

Ushike mkononi uutazame. Ni mrija mwembamba wenye ncha ya mviringo kama kichwa cha kiberiti kilichokuzwa. Katikati ya ncha kuna tundu moja, na kulizunguka mengine manne: juu, chini, kushoto, kulia. Hewa ikija moja kwa moja, tundu la juu na la chini yanapata mgandamizo sawa. Hewa ikija kutoka chini kidogo, tundu la chini linapata zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayokupa pembe. Kushoto na kulia ni vilevile. Tundu la katikati linakupa kasi. Kwa hiyo wakati wowote unajua hewa inaujia mrija kwa kasi gani na kutoka wapi.

Lakini mrija nao unasafiri. Ili kupata upepo, lazima uondoe mwendo wa ndege yenyewe: inakwenda wapi, imeinama kiasi gani, imelala upande gani, inapanda au inashuka. Hilo ni jukumu la GPS na jairoskopu, yaani kifaa cha mkao kinachojua ndege imeinama na kulala vipi, na ndilo jambo ambalo vijana wengi huja kulijua wakiwa wameshalipia mrija. Fanya hesabu mwenyewe. Droni inaruka mita 25 kwa sekunde. Kifaa cha mkao kikikosea nyuzi 1 tu ya mwinamo wa pua, upepo wa wima unaopata umekosewa kwa mita 0.44 kwa sekunde. Kwenye ndege ya utafiti inayoruka mita 100 kwa sekunde, nyuzi hiyohiyo moja ni kosa la mita 1.7. Hewa ya moto inayopanda juu ya mawe yetu mchana inaweza kuwa na kasi ya mita 1 au 2, kwa hiyo kosa limeshakaribia kulingana na kitu unachokipima. Shusha kosa hadi sehemu ya kumi ya nyuzi, na droni yako inakosea sentimita 4 tu kwa sekunde, jambo linalovumilika kabisa.

Mambo mawili yanatoka hapo. Kwanza, ndege inayoruka polepole ina faida, na hiyo ni habari njema kwa wasio na fedha za kuendesha ndege kubwa. Pili, kama una fungu moja la fedha, sehemu kubwa iende kwenye kifaa cha mkao, na mrija uwe wa kawaida. Mrija wa kifahari juu ya jairoskopu ya bei rahisi ni sawa na kuwa na mizani ya dhahabu na kuiweka juu ya mtumbwi.

Mwanza ina jambo lake jingine ambalo maelezo ya kiwandani hayalitaji. Tuko mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ya mchana ni nyepesi kuliko ile ya vitabuni ya usawa wa bahari kwa kama asilimia 15. Kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, mgandamizo unaougonga mrija pwani katika hali ya kawaida ya vitabuni ni kama Pascal 383 (Pascal ni kizio cha mgandamizo). Hapa kwetu mchana wenye joto la nyuzi 25 ni kama 320. Ukiacha programu ihesabu kwa hewa ya usawa wa bahari, kasi yako ya kweli itakosewa kwa karibu asilimia 8, na kila kitu kinachofuata kitabeba kosa hilo. Weka mgandamizo na joto la siku hiyo. Na unapochagua kihisi, chagua chenye upeo wa Pascal 500 au 1,000. Watu hununua cha 5,000 wakiamini ni imara zaidi, halafu wanatumia kipande kidogo tu cha upeo wake na kelele ya umeme inameza mtikisiko mdogo waliokuwa wakiutafuta.

Mipira inayounganisha matundu na vihisi iwe mifupi na yenye urefu sawa. Mpira mrefu hufanya kazi ya filimbi: mawimbi mengine unayakuza, mengine unayaua. Na usiiache droni juani kabla ya kuruka. Kihisi kikipata moto, sifuri yake inahama, nawe unaanza siku na upepo wa uongo.

Kuna siku sitaisahau. Tulikuwa tumerusha droni asubuhi juu ya Ghuba ya Mwanza, mistari minne kwenda na kurudi. Mstari wa tatu ukaonyesha hewa inashuka kwa kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde, mfululizo, juu ya maji tulivu. Vijana wakafurahi, wakaanza kusema tumegundua jambo. Nikawaambia watazame mstari wa nne. Hewa bado ilikuwa inashuka, kila mahali, kwa kasi ileile, ingawa droni ilikuwa inarudi pale ilipotoka. Upepo wa kweli una mahali pake, lakini hitilafu husafiri na ndege. Tulipoishusha, tukachukua kioo cha kukuzia na sindano. Ndani ya tundu la chini kulikuwa na mwili wa mdudu mmoja, wale wadogo wa ziwani wanaonyanyuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Mdudu asiyefika nusu ya punje ya mchele alikuwa ametupa upepo wa mita 3. Tangu siku hiyo, nguzo za wadudu zikionekana upande tunaokwenda, hatuondoki.

Ukitaka kujua kama mrija wako unasema kweli, fanya majaribio mawili. Ruka mstari mmoja kwenda na kurudi: upepo wa mlalo ukibadilika kila ukigeuza pua, usawazishaji wako haujakaa sawa. Kisha chora nguvu ya mtikisiko dhidi ya idadi ya mitikisiko kwa sekunde kwenye grafu ya logi, mizunguko mikubwa ya hewa ikiwa kushoto na midogo kulia. Andrey Kolmogorov alionyesha mwaka 1941 kwamba katika msukosuko uliokomaa, nguvu hugawanyika kwa namna inayotoa mteremko wa hasi tano kwa tatu. Ukiona mstari wako unateremka hivyo, mrija na hewa wanazungumza. Mstari ukilala tambarare upande wa mizunguko midogo, hiyo ni kelele ya umeme. Ukiona mwiba umesimama peke yake, hiyo ni propela.

Kwa undani kipima mchapuko hakiukaribii mrija. Ukisoma mara 100 kwa sekunde kwenye droni ya mita 25 kwa sekunde, unapata namba moja kila sentimita 25 za hewa. Jeti inayosoma mara 8 kwa sekunde ikiruka mita 230 kwa sekunde inapata moja kila mita 29 hivi. Hewa ndogondogo za ufukweni, zile zinazozaliwa kati ya jabali moja na jingine, jeti inazipita juu kwa juu.

Droni ya mapanga manne, waya moto, na vingine

Droni ya mapanga manne haina haja ya uwanja. Unairusha kutoka juu ya jabali au kwenye boti, inapanda wima, inashuka. Upepo ukivuma inainama ili isisukumwe, na kutokana na mwinamo huo unapata upepo wa wastani bila kununua kihisi chochote cha ziada. Kwa kazi ya kujua upepo wa ziwani umefika ufukweni saa ngapi na una kimo gani, ninaipenda sana. Kwa msukosuko wenyewe, hapana. Mapanga yanavuruga hewa inayopimwa, mizunguko midogo inapotea, na betri inakupa dakika ishirini na kitu. Wapo wanaoweka kipima upepo cha sauti kwenye mlingoti juu ya mapanga. Inafanya kazi, ila uzito unakula muda wa kuruka.

Waya moto ni waya mwembamba wa maikromita chache unaopashwa umeme, na hewa ikiupoza unapima umepoa kiasi gani. Unaona maelfu ya mabadiliko kwa sekunde, unazidi mrija kwa mbali. Pia unakatika kwa vumbi, kwa tone la maji, kwa mdudu. Ubaki maabara.

Rada ya ndege huona msukosuko uliobeba matone ya mvua, na ndege kubwa nyingi zinayo. Lida, inayotumia mwanga, inaweza kuona hewa kavu iliyo mbele. Shirika la anga la Japani, JAXA, lilitengeneza ya namna hiyo, na Boeing ikaijaribu kwenye ndege ya 777 mwaka 2018. Ni kazi ya kupendeza, lakini haihusiani na mtu anayechagua kifaa cha Mwanza leo.

Ziwa lina saa zake

Chaguo la kifaa haliwezi kutenganishwa na saa. Mchana nchi kavu inapata moto, hewa ya ziwani inavuta kwenda bara, na msukosuko unakaa ufukweni na juu ya vilima. Usiku mambo yanageuka: nchi inapoa, hewa inashuka kwenda majini kutoka pande zote, inakutana katikati ya ziwa na kupanda. Ndiyo sababu radi kubwa za Ziwa Victoria hupiga usiku wa manane na alfajiri, wakati wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Januari 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza, BAe 146 ya kituo cha FAAM, iliruka juu ya ziwa hili kupima mzunguko huo wa hewa kati ya maji na nchi kavu. Ile ni ndege ya injini nne yenye matundu ya mgandamizo puani mwenyewe, kanuni ileile ya mrija wetu kwa ukubwa mwingine.

Sasa fikiria droni yako. Mchana, ufukweni, karibu na macho yako, mrija ndio mahali pake. Usiku, kilomita 40 ndani ya ziwa, chini ya wingu la radi, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeirusha huko, na hata ukitaka, kibali hutapata. Data ya saa zile itatoka kwenye ndege zinazopita kwa ratiba zikiwa na vipima mchapuko au EDR, na kwenye rada ya hali ya hewa ya Mwanza. Ninalisema hili kwa uzito. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua Bukoba ilitumbukia ziwani, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi walifika kwa mitumbwi kabla ya wengine. Sisi tunaoishi kwenye ufuko huu tunastahili kuijua hewa ya ziwa letu kwa vipimo, saa kwa saa, njia kwa njia.

Kuhusu vibali, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, ndiyo mahali pa kuanzia, mapema, kabla hata ya kuagiza kifaa. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko ufukweni hapohapo Ilemela, kwa hiyo eneo linaloonekana zuri kwa kurusha droni mara nyingi ni njia ya ndege kutua.

Ningechagua nini

Rubani au mwenye ndege za kukodi: kipima mchapuko, kilichofungwa vizuri, kinachorekodi kila safari na muda na mahali. Usilipe ziada kwa ajili ya neno EDR. Baada ya miezi mitatu, chora ramani ya mishtuko kwa saa, utashangaa jinsi mipaka ya ufuko inavyojichora yenyewe.

Mtafiti au mwanafunzi wa shahada: mrija kwenye droni ya mabawa, na kifaa cha mkao kilicho bora kuliko unavyodhani unahitaji. Ukikosa fedha za kifaa cha mkao, subiri, au anza na mapanga manne ujifunze upepo wa wastani kwanza. Sioni aibu yoyote katika kuanza hapo, vipimo vya wastani vya ufuko wetu navyo ni vichache.

Mwenye droni za mizigo ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu anahitaji yote mawili. Mwaka 2018 droni ya kampuni ya Wingcopter ilikuwa ikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Hiyo ni mita 25 kwa sekunde, kasi ileile niliyoitumia kwenye hesabu za juu, na kasi ambayo mrija unaifurahia. Droni ya mizigo tayari ina jairoskopu na GPS nzuri ndani yake, na faili zake za safari zinakaa tu. Aanze kwa kuzisoma hizo. Mshtuko, mwinamo, nguvu ya injini iliyotumika kubaki kwenye kimo: vyote ni kipima mchapuko ambacho ameshakilipia. Kisha achukue droni moja kati ya zote, aifungie mrija, aitumie kuzisahihisha zile nyingine kwenye njia ileile.

Kwa yeyote kati yenu, muuzaji akubali jambo moja kwa maandishi: utapata faili ghafi, namba zote kama kihisi kilivyozisoma. Kifaa kinachotoa alama ya "mwepesi" au "mkali" peke yake kinakufunga mikono. Jedwali likibadilika, kama lilivyobadilika la EDR, hutaweza kurudi kuhesabu upya.

Ukiwa na mrija, tafuta pia kifuniko cha kalamu kinachouenea. Uufunike tangu karakana hadi ufukweni, usome sifuri ukiwa umefunikwa na droni iko kivulini, dakika mbili kabla ya kuruka na dakika mbili baada ya kutua. Funga utepe mwekundu kwenye kifuniko ili kisisahaulike. Kwetu kinatolewa na mtu wa mwisho kuondoka karibu na droni, na jina lake linaandikwa kwenye daftari pamoja na saa.